Kilimanjaro kwa baiskeli kupitia Kilema: mwongozo kamili wa kupanda na kushuka

Anayetaka kupanda Kilimanjaro kwa baiskeli huanza kuuliza habari za miguu: nina nguvu za kutosha? Nguvu zinatafutika. Miezi mitatu minne ya mazoezi ya kweli inamtosha mtu mzima mwenye afya. Kinachowashinda wengi ni kasi. Wakati wa kupanda, baiskeli inaweza kukufikisha mita 3,700 jioni ya siku ileile uliyokunywa chai bondeni, mwili ukiwa bado haujajua kinachoendelea. Wakati wa kushuka inakurudisha haraka kuliko breki na vidole vyako vinavyoweza kuvumilia. Karibu kila ushauri ulio hapa chini ni namna ya kuibana kasi hiyo, kwenda na kurudi.

Njia na kibali

Njia inayotumiwa na baiskeli ni Kilema, upande wa kusini-mashariki wa mlima, jirani na Marangu. Ni barabara ya gari iliyochongwa mlimani, na magari ya uokoaji huitumia kufika kambi ya Horombo kuchukua wagonjwa. Hiyo ni heri na shari. Heri kwa sababu ni pana na haina ngazi za mizizi kama njia za miguu. Shari kwa sababu kwenye kona yoyote unaweza kukutana uso kwa uso na gari lililobeba mgonjwa, na gari hilo halina pa kukupisha. Njia za Marangu, Machame, Lemosho na Rongai waachie watembea kwa miguu.

Huruhusiwi kupanda peke yako. Unapitia kampuni iliyosajiliwa, nayo inakuombea kibali kwa mamlaka ya hifadhi, KINAPA. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni, kwa hiyo kitambulisho kikae mfukoni. Usikizike chini ya begi. Kabla ya kutoa hela, iulize kampuni maswali haya, na usikubali jibu la “hakuna shida”:

Kibali kimetaja baiskeli, na kinaishia wapi? Kwa kawaida baiskeli hufika kambi ya Kibo, na kutoka hapo kileleni ni miguu.
Mwongozaji ataendesha baiskeli au atatembea? Akitembea na wewe umo juu ya siti, wakati wa kushuka mtaachana ndani ya dakika tano, na ukianguka hatakuwepo.
Nikiugua, nani atanishusha na nani ataishusha baiskeli?
Mizigo itapimwa? Mpagazi mmoja haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na vifaa vya baiskeli vina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Swali la mwongozaji ndilo linalochuja kampuni. Wanaojua kazi hii hujibu papo hapo na kukutajia hata baiskeli anayoiendesha.

Msimu

Nenda Januari hadi mwanzoni mwa Machi, au Juni hadi Oktoba. Masika yaache kabisa. Ukanda wa msitu una udongo ulioshiba maji hata wakati wa kiangazi, na mvua za Aprili zikiuloweka unashika kwenye tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Baiskeli

Fremu ya bei mbaya si lazima. Vitu vitatu ni lazima: gia nyepesi, breki za diski zenye nguvu, na tairi nene zenye kashata nzuri.

Gia kwanza, maana hapa hesabu haidanganyi. Sproketi ya mbele yenye meno 30 na ya nyuma inayofika meno 51, kwenye gurudumu la inchi 29, inakusogeza karibu mita 1.35 kwa kila mzunguko wa pedeli. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita 5 hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Chini ya hapo baiskeli inaanza kuyumba. Ukiwa na gia nzito zaidi, mlima utakulazimisha kuchagua kati ya kukanyaga kwa nguvu zote na kushuka uisukume, na kukanyaga kwa nguvu zote kwenye mwinuko huo ndiko kunakoleta kichwa kuuma. Badilisha sproketi ya mbele kabla ya safari. Ni kifaa cha bei nafuu.

Breki ziwe za mafuta, na diski ziwe kubwa: milimita 200 au 203 mbele, 180 nyuma. Weka pedi mpya za chuma badala ya zile laini, halafu zizoeshe: tafuta mteremko mfupi, shuka kwa kasi ya wastani, kamata breki kwa nguvu mpaka ukaribie kusimama, achia, rudia mara ishirini hivi. Pedi ambazo hazijazoeshwa hupiga kelele na kushika ovyo.

Tairi ziwe na upana wa inchi 2.3 hadi 2.5. Zisizo na tyubu, zenye dawa ya kuziba ndani, ni bora kwenye mawe, ila bado beba tyubu mbili. Upepo wa tairi una tabia yake mlimani. Hewa ya nje ikipungua, geji inapanda. Baridi inairudisha chini. Ukijaza psi 22 pale Moshi kwenye nyuzi joto 25, ukifika Kibo kwenye nyuzi sifuri geji itasoma karibu 24, na jua likiipiga tairi inaweza kufika 26. Kwa hiyo usijaze mpaka mwisho ukiwa mjini, na pima upya Horombo.

Nguzo ya siti inayoshuka kwa kitufe ni anasa wakati wa kupanda, lakini wakati wa kushuka utaishukuru. Kama huna, beba spana ya kushushia siti mwenyewe.

Mafundi wa baiskeli wanaishia Marangu, kwa hiyo begi la spea litengenezwe kwa akili. Weka pedi za akiba, kiungo cha mnyororo, kifaa cha kukatia mnyororo, pampu ya mkono, viraka, spoki mbili za saizi yako, mafuta ya mnyororo na nyaya za plastiki za kufungia. Juu ya yote weka kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilishia gia kwenye fremu. Kimetengenezwa kipinde ili kuokoa fremu, na fremu nyingi zina chake. Cha rafiki yako huenda kisiingie. Ukianguka upande wa kulia hicho ndicho kinachopinda, na kikikatika umebaki na kitu cha kusukuma.

Mazoezi

Aliye Dar es Salaam aanze vilima vya Pugu, halafu atenge wikendi ya Lushoto. Barabara ya Mombo hadi Lushoto inapanda karibu mita 1,000 katika kilomita 33 hivi, na ukifika juu zimo njia za vumbi za kuzunguka vijijini. Huko Usambara ndiko mahali pazuri pa kujifunza kushuka, kwa sababu kona ni nyingi na ukikosea unaokotwa na mwenye shamba. Aliye Moshi hana kisingizio: kuna lami ya Himo hadi Marangu, kisha vumbi la vijijini. Kenya, barabara ya gari kutoka geti la Sirimon hadi Old Moses, karibu mita 3,300 mlimani Kenya, ni kipimo kizuri cha jinsi kifua chako kinavyopokea hewa nyembamba.

Fanya zoezi refu moja kwa wiki, la saa nne hadi sita, ukiwa na begi mgongoni. Halafu kuna zoezi ambalo watu hulidharau: kuisukuma baiskeli juu ya mawe kwa nusu saa, na kuibeba mabegani. Mwishoni mwa 1984 binamu wawili Waingereza, Nicholas na Richard Crane, walizifikisha baiskeli zao mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, na sehemu kubwa ya juu baiskeli ndizo zilizowapanda wao. Hata wewe unayeishia Kibo utasukuma. Mabega na mgongo wa chini vijue hilo mapema.

Hewa

Horombo, mita 3,720, kila pumzi inakupa karibu theluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata ufukweni. Kibo, mita 4,700 na ushei, ni kama asilimia 57. Kileleni ni nusu. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku, na siku hizo hazinunuliki kwa mazoezi. Kijana wa mbio za baiskeli huugua kama mwingine, tena mara nyingi zaidi, kwa sababu miguu inamruhusu kwenda haraka. Baiskeli za umeme zinaongeza tatizo hilohilo: hata ule uchovu wa miguu ambao ungekuchelewesha unaondolewa.

Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya mita 1,000 upumzike siku moja. Kilema kwa siku moja hadi Horombo inaivunja kanuni hiyo waziwazi. Uliza kama kibali chako kinaruhusu kulala katikati ya njia. Kama hakiruhusu, tafuta mwinuko kwingine kabla: panda Mlima Meru siku chache mapema, ulale kambi ya Miriakamba kwenye mita 2,500 na kambi ya Saddle kwenye mita 3,570. Ukishindwa hilo pia, basi usiku usiopungua miwili Horombo. Mimi napendekeza mitatu, na sijasikia aliyejuta kwa huo wa tatu.

Dawa ya acetazolamide husaidia mwili kuzoea. Kipimo cha kinga kinachotumika sana ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Itakukojoza, kwa hiyo kunywa maji lita tatu hadi nne kwa siku.

Siku ya kwanza: getini hadi Horombo

Lala Marangu au Kilema usiku wa kuamkia safari. Asubuhi kula chakula kizito. Bakuli la mtori wa Kichagga ni kifungua kinywa kisicho na mpinzani, ndizi na nyama na supu kwa pamoja.

Anza polepole mpaka uone aibu. Kipimo changu ni hiki: taja namba yako ya simu yote kwa pumzi moja huku unakanyaga. Ukilazimika kukata katikati, punguza gia au shuka utembee. Usisubiri miguu iungue.

Msituni udongo ni mwekundu na mara nyingi mbichi. Fuata alama za matairi ya gari, epuka katikati kwenye majani yaliyolala kwa sababu yanaficha mawe yenye ute. Palipo na mwinuko mkali kaa kwenye siti, sogea mbele mpaka ncha yake, inamisha viwiko kuelekea chini. Ukivuta usukani juu, gurudumu la mbele linanyanyuka. Ukisimama kwenye pedeli, la nyuma linateleza. Umesimama kwenye mteremko na unataka kuanza tena? Iweke baiskeli ikingame barabarani, kanyaga mara moja kuelekea upande wa pili, ndipo uigeuze ikiwa tayari ina mwendo.

Kula kila nusu saa, hata kama hutaki: karanga, tende, ndizi, kipande cha kashata. Juu hamu ya chakula hupotea, kwa hiyo chukua akiba wakati tumbo bado linakubali.

Miti mirefu ikiisha unaingia kwenye mierika, miti midogo ya majani membamba, kisha nyasi na vichaka vya nyanda za juu. Upepo unaanza, joto linashuka karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, lakini jua linaunguza zaidi ya pwani. Paka mafuta ya kukinga jua usoni, nyuma ya shingo na juu ya masikio. Karibu na Horombo utaiona ile mimea mikubwa yenye kichwa cha majani kama kabichi, dendrosenecio, ambayo haipo kwingine duniani ila milima mirefu ya Afrika Mashariki. Hapo barabara ina mawe huru, na wengi wanasukuma. Sukuma bila kinyongo.

Horombo

Ukifika, badili nguo zilizoloa jasho kabla ya kufanya lolote. Kisha baiskeli: pima upepo, futa mnyororo, zungusha magurudumu usikilize kama diski inagusa.

Siku inayofuata iache baiskeli kambini. Tembea hadi Zebra Rocks, miamba yenye mistari myeusi na myeupe kwenye mita 4,000 hivi, kaa kidogo, rudi ulale chini. Kupanda juu na kulala chini ndiko kunakoufundisha mwili.

Jiulize maswali kila asubuhi na jioni. Kichwa kinauma? Kichefuchefu? Chakula hakishuki? Usingizi umegoma? Kichwa kikiuma pamoja na jingine lolote kati ya hayo, huo ni ugonjwa wa mwinuko: usipande zaidi siku hiyo. Ukikohoa na kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, au ukiyumba na kuchanganyikiwa, ni dharura, na dawa yake ni kushuka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mwendesha baiskeli ana kipimo cha ziada. Chora mstari mchangani, tembea juu yake kisigino kwa kidole. Mtu aliyekuwa akipita kati ya mawe jana na leo hawezi kunyoosha tairi la mbele, wala hawezi kutembea kwenye mstari huo, asipande tena siti. Ashuke akiwa ameshikwa mkono au kwa gari.

Tandiko hadi Kibo

Kutoka Horombo hadi Kibo ni kama kilomita 10. Ukishavuka mabonde ya mwanzo unaingia kwenye Tandiko, uwanda kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, jangwa la mchanga na changarawe lenye upepo wa usoni. Kwa macho panaonekana tambarare. Mapafu yatakuambia vinginevyo. Endesha dakika kumi, simama moja. Gia iwe nyepesi kuliko unavyofikiri unahitaji, na jifunike pua na mdomo kwa kitambaa, vumbi ni kali.

Hapa mnachangia njia na wanaotoka Marangu, na zaidi ya wote wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu. Mtu ana mzigo kichwani, hawezi kugeuza shingo kukutazama. Ukiwa nyuma yake msalimie kutoka mbali, subiri akupishe mwenyewe. Ukikutana naye uso kwa uso, wewe ndiye unayesimama, kwa upande wa bonde, na yeye apite upande wa mlima.

Kufika kileleni ni mwendo wa saa sita au zaidi, usiku, kwa miguu, kupitia Gilman's Point na Stella Point. Hilo lina miongozo yake. Nitasema moja tu: Horombo hadi Kibo na kurudi kwa baiskeli ni safari kamili. Asiyetaka kilele hajapungukiwa. Na anayekitaka asipande baiskeli mara tu anaporudi Kibo asubuhi. Hajalala, hajala, kichwa kizito. Apate uji, alale angalau saa mbili, ndipo aanze kushuka.

Kushuka

Mtu na baiskeli na begi ni kilo 95 hivi. Wakishuka mita 1,000, breki zinaweza kugeuza hadi kilojuli 930 hivi kuwa joto, kiasi cha kutosha kuchemsha zaidi ya lita mbili na nusu za maji. Na kutoka Horombo hadi getini ni zaidi ya mita 1,500. Joto lote hilo linapita kwenye sahani mbili nyembamba za chuma. Ukizishikilia breki kidogokidogo muda wote, hazipati nafasi ya kupoa: pedi zinang'aa juu, mafuta yanachemka ndani, na lever inakuja mpaka kwenye mshikio bila kukamata kitu.

Kwa hiyo: achia, kamata, achia. Acha baiskeli ikimbie kipande kilichonyooka unachokiona chote, kisha kamata breki zote mbili kwa uthabiti kabla ya kona, achia ukiwa ndani ya kona. Kidole kimoja kila upande, vingine vimeshika usukani. Simama juu ya pedeli, zikiwa sawa kushoto na kulia, visigino vimeshuka, magoti na viwiko vimelegea, siti iko chini. Macho yaende mita kumi na tano mbele. Jiwe unalolikodolea ndilo utakaloligonga.

Simama kila baada ya dakika kumi au kumi na tano. Nusa: harufu ya kuungua ni onyo, subiri mpaka iishe. Usiguse diski, na usiimwagie maji ikiwa ya moto, itapinda. Tikisa mikono. Vidole vikiwa na ganzi, hujui tena umebana kiasi gani.

Vaa kizuia upepo kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutetemeka. Helmeti ni lazima, glavu za vidole vyote ni lazima, kinga za magoti ni busara, miwani pia.

Kwenye kona zisizoonekana mbele kaa kushoto kabisa, punguza mwendo wa kuweza kusimama ndani ya umbali unaouona, na paza sauti: “Baiskeli!” Ukisikia injini, toka nje ya njia kabisa. Mkiwa kundi, achaneni mita thelathini au zaidi, mwongozaji mbele, mwenye spea nyuma, na msubiriane kila baada ya muda mliokubaliana.

Ukiingia msituni udongo ukiwa umelowa, breki ya mbele iguse kwa upole na tu ukiwa umenyooka. Ajali nyingi huja hapa, karibu na mwisho, watu wakiwa wamechoka na wameshaanza kuwaza soda baridi. Nywea soda hiyo getini.

Getini

Malipo ya shukrani kwa wapagazi wape mkononi, kila mtu chake, mbele ya wenzao. Usimkabidhi mmoja bahasha ya wote. Ukishuka Moshi, osha baiskeli kwa maji ya taratibu, bila pampu ya presha kwenye beringi, kwa sababu vumbi la volkano ni kali kama msasa na presha inalisukuma ndani. Toa pedi uzitazame: zilizobaki chini ya milimita moja ya nyenzo, tupa. Diski iliyogeuka rangi ya bluu au zambarau imepata joto kupita kiasi. Ipime unene na ubadilishe kama imefika kikomo kilichochapwa juu yake. Kagua sehemu kibadilishia gia kinaposhikiliwa, kaza spoki, na badilisha mafuta ya breki kabla ya mteremko mwingine mrefu.